Kufufua Datsun 240Z nyumbani: mwongozo kamili, kuanzia kutu hadi kabureta

Mwenye 240Z iliyolala miaka hukimbilia injini. Anafungua boneti, anaiona imejaa vumbi na viota vya panya, anaazima betri kwa jirani "tuisikie tu". Nami nilifanya hivyo hivyo. Ilinguruma, watoto wa mtaa wakaja kutazama, na miezi minne ikaniishia kwenye plagi na kabureta. Kisha siku moja nikainua zulia la upande wa dereva, nikaiona sakafu ya gereji. Injini ya gari hili ina roho ngumu na husamehe mengi. Bodi haisamehe. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia chini kwenye bati, na injini itangoja zamu yake.

Kwa asiyelijua: Nissan ilianza kuliuza Japani mwishoni mwa 1969 kwa jina la Fairlady Z, na masoko ya nje yakalijua kama Datsun 240Z hadi 1973. Injini ni L24, silinda sita kwenye mstari mmoja, cc 2393, kabureta mbili, ndani ya gari lenye uzito wa kilo elfu moja na kidogo. Huku kwetu sifa zake zilijengwa na Safari Rally: Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo 1971, Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia 1973. Hadi leo kila anayelifufua anataka rangi nyekundu na boneti jeusi.

Karatasi kwanza, bisibisi baadaye

Kabla ya kutoa hata shilingi ya rubuni, linganisha namba. Namba ya chasi imegongwa kwenye ukuta wa bati kati ya injini na dashibodi, na lazima ifanane na ile ya kibati kilicho ndani ya boneti na ile ya kadi ya gari au logibuku. Gari la nje lenye usukani wa kulia huanza na HS30; la usukani wa kushoto, kama yale ya Marekani, ni HLS30. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku, chini kidogo ya hedi, upande wa plagi kuelekea nyuma. Injini isiyo ya asili si dhambi, lakini bei inapaswa kushuka, na namba iwe imeandikishwa.

Sasa lala chini. Chukua bisibisi kuukuu yenye ncha butu, sumaku iliyofungwa kwa kitambaa chembamba, na tochi. Gonga kwa mpini wa bisibisi ukisikiliza. Bati zima hulia ting. Bati lililoliwa kwa ndani hulia kama unagonga daftari. Palipolia daftari, sukuma ncha. Ikizama, weka alama ya chaki. Sumaku isiponata pahali pa bati, chini ya rangi kuna filla (lipu ya kujazia mashimo ya bodi), na filla nene huwa inaficha jambo.

Kutu ya 240Z ina makazi yake, na ukiyajua utamaliza ukaguzi kwa saa moja. Anza na trei ya betri: asidi ikimwagika huila trei, kisha hushuka kwenye reli ya chasi iliyo chini yake. Fuata sakafu zote mbili na reli zilizochomelewa chini yake. Ni za bati jembamba, na mara nyingi utazikuta zimebonyezwa na majeki ya watu wasiojua pa kuinulia. Angalia vizingiti vya milango, pembe ya bati iliyo mbele ya gurudumu la nyuma, sehemu za chini za madigadi ya mbele, shimo la tairi la akiba, na bati lililo chini ya taa za nyuma. Mwisho, toa kifuniko cha matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele. Majani makavu huingia humo, yanaziba mirija ya kutolea maji, na maji yakikosa njia hushukia kwenye miguu ya dereva. Kutu ya hapo ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu mkono haufiki.

Sakafu iliyotoboka si sababu ya kuliacha gari. Reli zote mbili zikiwa zimekwisha, pamoja na mahali zinapofungwa shokomzoba, tafuta gari lingine, labda kama wewe mwenyewe ni mchomeleaji.

Kuhusu fedha nitasema moja tu. Miaka ya 1990 Nissan yenyewe nchini Marekani ilianzisha mpango wa kununua 240Z kuukuu, kuzifufua na kuziuza kwa wateja. Ilikuwa na mafundi, spea na jina, na bado iliacha baada ya magari machache. Ukifanya hesabu ya faida umepotea njia. Fanya hesabu ya kumudu: tenga kiasi cha kila mwezi, na kazi ya mwezi huo isizidi hapo.

Kufungua bila kupoteza

Gari likishafunguliwa lote hujaza nafasi mara tatu ya gari zima, kwa hiyo hakikisha una pa kuweka vitu kabla hujashika spana. Piga picha kila kitu kabla ya kukigusa, kutoka pande mbili, na moja ya karibu inayoonyesha waya au mpira umepita wapi. Bolti za kila sehemu ziingie mfuko wake wa plastiki wenye karatasi ndani iliyoandikwa kwa penseli; wino hufutwa na oili. Mfuko ufungwe kwenye kifaa chenyewe inapowezekana. Usifungue zaidi ya sehemu moja kwa wakati. Magari mengi yaliyouzwa "yakiwa kwenye maboksi" yalimshinda mtu aliyevua kila kitu wikiendi moja.

Bolti iliyokwama usiipige vita siku ya kwanza. Ipulizie mafuta ya kupenya jioni, igonge kichwani mara kadhaa, iache ilale. Rudia siku tatu. Ukikosa subira utaivunja, na kutoboa bolti iliyovunjika huchukua siku nzima.

Vipande vidogo vya chuma vyenye kutu huna haja ya kuvisugua hadi vidole vitoke damu. Tumia umeme na magadi. Jaza beseni la plastiki maji, tia kijiko kimoja cha mezani cha magadi kwa kila lita 4, ning'iniza kifaa katikati kisiguse chochote, na pembeni tumbukiza kipande cha chuma cha kawaida. Chaja ya betri: waya hasi kwenye kifaa, waya chanya kwenye kipande cha pembeni. Ukikosea hapo, kifaa chako ndicho kitakacholiwa. Baada ya usiku mmoja kutu inageuka tope jeusi linalotoka kwa brashi. Fanyia nje, kwa sababu gesi inayotoka ni haidrojeni na hulipuka. Usitumie chuma kisichoshika kutu kama kipande cha pembeni, kwani hutoa sumu ndani ya maji. Alumini usiitie humo kabisa, wala springi.

Bati

Hapa ndipo fedha na muda vinapokwenda, na hapa usione haya kumwita fundi. Mimi hukata, huunda na kushikiza. Mstari wa mwisho namwachia anayechomelea kila siku.

Kabla ya kukata kizingiti au sakafu, chomelea vyuma vya kushikilia ndani ya uwazi wa mlango, kutoka mbele hadi nyuma na kwa mshazari. Gari hili halina chasi ya kujitegemea. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Ukikata bila vyuma hivyo, litainama milimita chache usizoziona, na siku ya kurudisha mlango ndiyo utajua. Fanya upande mmoja hadi uishe ndipo uende wa pili.

Tumia bati tupu la milimita 0.8 hadi 1. Watu hushawishika kutumia mabati ya kuezekea kwa sababu yako karibu, lakini yamepakwa zinki, na moshi wake ukiuvuta utalala na homa. Kata kutu yote hadi ufike bati linalong'aa, kisha ongeza sentimita mbili. Kiraka kilichochomelewa juu ya kutu kina maisha ya msimu mmoja wa mvua.

Mashine ya kuchomelea ya MIG, ile inayojilisha waya yenyewe, yenye waya wa milimita 0.6 inatosha. Usivute mstari mrefu. Bati litajikunja kama karatasi juani. Weka nukta moja kushoto, nyingine kulia, ya tatu katikati, kisha ngoja uweze kuligusa kwa mkono kabla ya kuendelea. Kabla ya kazi hii toa betri, toa tangi la petroli lipelekwe mbali, vua viti na zulia, na uwe na mtungi wa kuzimia moto pamoja na mtu anayeangalia upande wa pili wa bati. Cheche huanguka usipoona.

Mishono ikipoa, paka rangi ya kuzuia kutu, ziba kwa sila ya mishono ya bodi, na baada ya rangi ya juu pulizia nta ndani ya vizingiti na reli. Oili chafu inayopakwa na wengi chini ya gari inashika vumbi na kunuka, basi. Rangi yenyewe peleka kwa mpiga rangi mwenye chumba. Rangi ya uani huokota vumbi na wadudu, na msasa wa kuondoa hayo utakugharimu kuliko chumba.

Chini: miguu na breki

Gari liwekwe kwenye stendi nne imara, juu ya sakafu ngumu. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake.

Magurudumu yote manne yana shokomzoba zilizo ndani ya springi, kwa hiyo usifungue nati ya juu kabla ya kuibana springi kwa vibano viwili. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja taya. Badilisha bushi zote za mpira, bolijoint na ncha za taiodi. Mpira wa miaka hamsini hata ukionekana mzima umekuwa jiwe.

Mkono wa nyuma umeshikwa na pini ndefu inayopita ndani ya bushi zote mbili, na pini hiyo ni maarufu kwa ubishi. Kwanza toa bolti ndogo ya kabari iliyo katikati, maana wapo waliopiga nyundo mchana kutwa huku kabari ikiwa bado imeishika. Kisha pini iloweshwe mafuta siku kadhaa. Usiipige kichwani moja kwa moja, kwani ncha yenye nyuzi itafunuka kama uyoga na haitapita tena. Funga nati mbili mwishoni ndizo zipokee kipigo. Ikigoma, beba mkono mzima upeleke penye presi.

Breki za mbele ni diski, za nyuma dramu. Dramu za nyuma ni za alumini yenye mapezi, hupasuka zikipigwa ovyo. Gongagonga taratibu kwa nyundo ya mpira. Ndani, weka wili silinda mpya badala ya kufufua kuukuu, badilisha mipira yote ya breki, na masta silinda ikiwa na dalili yoyote ya kuvuja nayo iondoke. Breki si mahali pa kubana matumizi. Ukimaliza jaza mafuta mapya ya breki ya DOT 4 na utoe hewa ukianza gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa gari la usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Mafuta hayo hula rangi, kwa hiyo tone likianguka kwenye bodi yako mpya limwagie maji papo hapo.

Waya

Walioziunda nyaya za gari hili waliupitisha umeme wote wa taa kubwa ndani ya swichi ya kwenye usukani, bila relei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa). Baada ya miaka swichi hupata moto, na sanduku la fyuzi huyeyuka pembeni. Ukivua kifuniko chake ukaona plastiki ya kahawia, umeshajua. Nunua relei mbili, moja ya taa za kawaida na moja ya taa kali, vuta waya mnene kutoka betri wenye fyuzi yake, na swichi ya zamani ibaki na kazi ya kuamsha relei tu. Ni kazi ya jioni mbili, na taa zitawaka ukashangaa.

Kabla ya kulaumu kifaa chochote, safisha sehemu zote waya zinapoungwa kwenye bodi hadi bati ling'ae. Nusu ya maajabu ya umeme wa magari haya ni muungano wenye kutu.

Injini

Sasa ndiyo zamu yake. Injini iliyolala usiizungushe kwa stata. Toa plagi sita, tia kijiko cha oili nyembamba katika kila silinda, uiache siku mbili. Kisha weka spana ya 27 kwenye bolti ya puli ya kranki na uzungushe kwa mkono, kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Ikizunguka laini mizunguko miwili kamili, shukuru. Ikigota, usilazimishe, fungua hedi.

Na hapa kuna mtego ambao L24 huwategea wageni. Cheni ya majira inakazwa na kifaa kilicho chini, nyuma ya kifuniko cha mbele. Ukitoa gia ya kamshafti ili uinue hedi, cheni inalegea, kikazio kinachomoka, na hakirudi mahali pake mpaka uvue kifuniko chote cha mbele. Dawa ni kabari ya mbao ngumu, ndefu na nyembamba, inayoshushwa katikati ya pande mbili za cheni kabla ya kugusa gia. Ifunge waya kwenye kichwa ili uweze kuivuta baadaye. Weka alama ya rangi kwenye cheni na gia vyote viwili. Kabari hiyo ya senti chache itakuokolea siku mbili.

Hedi ya alumini ikishatoka ipelekwe kwa wachongaji wapime kama imepinda. Bolti za hedi hukazwa kutoka katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa toki renchi.

Kama hukuhitaji kufungua, pima mgandamizo wa kila silinda baada ya injini kupata joto. Tofauti kati ya silinda ndiyo ya kutazama kuliko namba yenyewe; zikiachana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi kuna ringi au valvu ya kushughulikia. Ukipimia Nairobi, kwenye mita 1,700 na ushei, geji itasoma chini kuliko Mombasa kwa injini ile ile. Usitishike.

Valvu zirekebishwe zikiwa baridi kwanza: milimita 0.20 za kuingiza, 0.25 za kutoa. Pua ya kamu iangalie juu, na fila geji ipite kati ya kamu na roka. Nati ya kufungia ni spana ya 17, ya kurekebishia 14. Geji ipite kwa kukwaruza kidogo, kama kuvuta noti chini ya kitabu. Platineti, yaani vidole vya kukata umeme ndani ya distributa, ipewe mwanya wa milimita 0.5, plagi 0.8. Mpangilio wa moto ni 1-5-3-6-2-4, silinda namba moja ikiwa mbele.

Ikiwa bloku imekwisha kabisa, usikate tamaa mapema. L28, ndugu yake mkubwa, ilifungwa kwenye Nissan Patrol za zamani, na Patrol si adimu huku kwetu.

Kabureta mbili zipumue pamoja

Hizi ni Hitachi zenye pistoni inayopanda na kushuka kwa upepo wa injini. Safisha tangi na mirija yote kabla ya kuzigusa, la sivyo utazisafisha mara tatu. Inua pistoni kwa kidole na uiachie: inapaswa kushuka bila kusita na kugota kwa sauti, tok. Ikishuka kwa kusuasua, ndani kuna uchafu au sindano haijakaa katikati. Mnara wa juu utiwe oili nyembamba.

Nati ya mchanganyiko iliyo chini ipandishe hadi mwisho, kisha irudishe mizunguko miwili na nusu kwa zote mbili. Washa, acha ipate joto. Chukua kipande cha mpira wa maji, weka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, mahali pale pale utakapoiweka ya nyuma. Sikiliza mvumo. Mmoja ukiwa mkali kuliko mwingine, rekebisha skrubu za mwendo wa taratibu mpaka sikio lisitofautishe.

Ndipo urudi kwenye mchanganyiko. Inua pistoni moja milimita moja tu. Injini ikipanda kasi na kubaki juu, petroli imezidi. Ikitaka kuzima, imepungua. Ikipanda kidogo kisha ikarudi, iache hapo. Kazi hii ifanyie unakoishi: kabureta iliyowekwa sawa pwani hujaa petroli ikifika Nairobi, na plagi hutoka nyeusi kama mkaa.

Safari ya kwanza

Iwe kilomita mbili, mchana, karibu na nyumbani, na mtungi wa moto ukiwa kiti cha pembeni. Rudi, zima, lala chini na tochi utafute kila tone. Kaza nati za magurudumu. Nusa petroli kwenye kila kibano cha mpira. Wiki hiyo usivuke kilomita 50 kwa siku, na usikae kwenye mwendo mmoja kwa muda mrefu ikiwa ringi ni mpya.

Zikifika kilomita 500 mwaga oili, uweke mpya na chujio jipya, chini kidogo ya lita 5. Kisha, injini ikiwa bado ya moto na vidole vinaungua, fungua kifuniko cha valvu upime tena: 0.25 za kuingiza, 0.30 za kutoa.